Ndoo Mbili za Maji na Kilo 58 za Mama Mkwe

Akina mama wenzangu, tunaposikia habari za kunyanyua vyuma, mawazo yetu huenda moja kwa moja kwa vijana wenye vifua vipana, wale wanaofanya kazi ya ubaunsa. Hakuna anayemfikiria mama wa watoto wanne aliyevuka miaka arobaini. Mimi nilikuwa na kazi zangu za kutosha, na habari hizo hazikunihusu kabisa, mpaka mwishoni mwa mwaka 2021 mama mkwe wangu alipopatwa na kiharusi, na baada ya majuma kadhaa daktari akatuambia kwamba sasa anaweza kurudi nyumbani.

Nyumbani maana yake ni kwangu, hapa Morogoro. Mume wangu ni mtoto pekee wa kiume, na mawifi zangu wote wameolewa mbali. Upande wa kushoto wa Mama ulikuwa umelegea, mkono na mguu, ingawa akili yake ilikuwa timamu na ulimi wake ulikuwa mkali kama zamani. Siku ya kuruhusiwa alipimwa uzito. Mzani ukaonyesha kilo 58.

Kabla hatujaondoka, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja mpole, alinikalisha na kunifundisha jinsi ya kumtoa mgonjwa kitandani na kumweka kitini. Usimvute hata siku moja kwa ule mkono uliolegea, maana bega lake linaweza kuteguka. Mfunge kitenge imara kiunoni, upate mahali pa kushika. Weka kiti upande wake wenye nguvu. Simama karibu naye sana, miguu yako ipanuke, magoti yako yakunjike, mgongo unyooke, kisha mnyanyuke pamoja naye akijisaidia kwa mguu wake mzima. Nilijaribu mbele yake mara tatu. Ndipo akaniuliza, "Na wewe, dada, mgongo wako ukoje?"

Sikulitegemea swali hilo. Akanieleza kwamba maumivu ya mgongo ni tatizo la kawaida kwa wauguzi, tena wale waliofundishwa kazi na wenye wenzao wa kuwasaidia. Mimi nitakuwa peke yangu mchana kutwa. Tulihesabu pamoja: kutoka kitandani, kwenda chooni, kuoga, kula, kupumzika, kurudi kitandani. Zilifika safari kumi kwa siku. Akasema, "Imarisha mapaja, nyonga na mgongo wako. Tafuta kitu kizito, ukinyanyue mara tatu kwa wiki, na ukiongeze uzito kidogo kidogo. La sivyo, mwakani mtakuwa wagonjwa wawili."

Mpenzi msomaji, kusema "tafuta kitu kizito" ni rahisi. Mtaani kwetu ipo jimu moja, nyuma ya gereji. Mume wangu alinisindikiza jioni moja kwenda kuiona. Ilikuwa ni banda la mabati lenye benchi moja la mbao na vyuma vilivyotengenezwa na mafundi wenyewe: mabomba yaliyofungwa gia za magari kila upande, na mengine yaliyochomekwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Vijana walinipokea kwa heshima. Wakaniita mama, wakanifutia benchi nikae.

Mmoja wao alikuwa na ujuzi kweli. Ndiye aliyenieleza habari za mchezo uitwao pawalifti. Huu si ule wa kwenye Olimpiki, ambao mtu hurusha chuma juu ya kichwa. Pawalifti una mambo matatu tu. Kwanza ni kuchuchumaa na chuma mabegani na kusimama nacho. Pili ni kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma kutoka kifuani. Tatu ni kuinua chuma kutoka sakafuni mpaka usimame wima. Shirikisho lake la kimataifa lilianzishwa mwaka 1972, na wanawake walipata mashindano yao ya kwanza ya dunia mwaka 1980, huko Lowell, Massachusetts, Marekani. Nilipomsikiliza niliona wazi kwamba mambo yale matatu ndiyo kazi yangu ya kila siku na Mama. Kuchuchumaa na kusimama na mzigo, kusukuma, kuinua kutoka chini. Tofauti ni kwamba wenzetu wanafanya kwa utaratibu na daftari.

Kijana yule alinionyesha pia jambo ambalo sikuwahi kuliwaza. Vyuma vya mashindano huwa na sahani kubwa za mviringo, zenye upana wa sentimita 45, kwa hiyo bomba likiwa sakafuni huwa juu kiasi cha sentimita 22. Makopo ya rangi ni madogo. Bomba lake hukaa chini karibu na vidole vya miguu, na mtu akiinama kulifuata mgongo wake hupinda kama upinde. Kwa hiyo wao huweka matofali ya inchi 6 chini ya kila kopo, na bomba hupanda mpaka mahali panapostahili. Nilifurahi kuona akili hiyo.

Lakini jimu ile ilikuwa na shida moja ambayo hata matofali hayawezi kuitatua. Kila bomba lilikuwa na uzito wake wa kudumu, zege halitoki. Bomba jepesi lilikuwa na kilo 18. Lililofuata lilikuwa na kilo 35. Katikati hapakuwa na kitu. Kwa kijana wa miaka ishirini, kuruka kutoka 18 hadi 35 ni jambo la majuma machache. Kwa mama ambaye mgongo wake ndio tegemeo la nyumba, ruka hiyo ni kubwa mno. Aliyenielekeza hospitali alisema kidogo kidogo, na jimu haikuwa na hicho kidogo.

Usiku ule nikiwa nateka maji ya kesho, jibu nililiona kwenye mikono yangu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo kubwa ya lita 20 ikijaa ni kilo 20, na chupa ya nusu lita ni nusu kilo. Hakuna mwenye jimu, hata huko Ulaya, anayeweza kuongeza uzito taratibu kuliko mama mwenye ndoo mbili na chupa tupu ya maji ya kunywa.

Basi nikaanza Januari mwaka 2022, uani, siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla watoto hawajaamka. Nilichukua ndoo mbili zenye mifuniko, maana maji yasiyofunikwa huchezacheza na kukuyumbisha. Mishikio niliifunga vitambaa isinikate viganja. Kila ndoo nilitia lita 8. Nilisimama katikati yake, moja kulia moja kushoto, nikapeleka nyonga nyuma, nikakunja magoti, kifua mbele, nikazishika na kusimama nazo. Mara tano, kisha pumziko la dakika mbili au tatu, kisha tena mara tano. Jumla seti tano. Siku ya pili niliongeza chupa moja ya nusu lita kwenye kila ndoo. Siku ya tatu vivyo hivyo. Ni kilo moja tu kwa siku, na kusema kweli huisikii. Lakini piga hesabu: siku tatu kwa juma ni kilo tatu, na katika majuma manane ni kilo 24. Nilianza na kilo 16. Ukiondoa majuma mawili ya malaria na siku za msiba wa jirani, kufikia mwisho wa Machi nilikuwa nainua ndoo mbili zilizojaa, kilo 40.

Wayunani wa kale wana hadithi ya mpiganaji mieleka wao aitwaye Milo, aliyembeba ndama kila siku tangu alipozaliwa mpaka akawa ng'ombe dume, na nguvu zake zikakua pamoja na mnyama yule. Huenda imetiwa chumvi, lakini mimi sikushangaa. Ni nani kati yetu asiyeijua? Mtoto anazaliwa na kilo tatu hivi. Anapotimiza mwaka ana kilo tisa au kumi, na bado yuko mgongoni huku unasonga ugali. Hakuna siku uliyosema leo amezidi. Mazoezi ya nguvu yote yamejengwa juu ya siri hiyo ya mama na mtoto, isipokuwa ndoo hailii.

Maji yalipofika mdomoni mwa ndoo, tulihamia kwenye mchanga. Jirani alikuwa anajenga, akanipa bure. Mchanga mkavu ni mzito kuliko maji, kila lita ni kama kilo moja na nusu au zaidi kidogo, kwa hiyo ndoo ileile hubeba zaidi ya kilo 30. Hapa makadirio hayatoshi. Mume wangu alizipeleka ndoo kwenye mzani wa duka la nafaka, na mwenye duka akacheka mpaka akakaa. Mishikio ya plastiki haiwezi uzito huo, hivyo tulizungushia kamba ya katani chini ya ndoo na kutengeneza mshikio mpya. Tangu hapo niliongeza kilo moja kwa juma badala ya kilo moja kwa siku, kwa sababu mwili ukishazoea huanza kudai muda. Juma ambalo mara ya tano ilikuwa ya kutetemeka, sikuongeza kitu.

Kwa mapaja nilitumia kiroba cha unga cha kilo 25. Nilikijaza mchanga kilo 10 kwanza, nikakishona, nikakitia ndani ya kiroba kingine. Nilikikumbatia kifuani kama mtoto, nikawa nachuchumaa mpaka kugusa stuli na kusimama. Vijana wa jimu hubeba bomba mabegani, lakini kwa jambo hilo wanahitaji nguzo za kuliweka na watu wa kuwasaidia likiwashinda. Kiroba kikikushinda unakiachia tu, kinaanguka mbele yako. Kwa kifua na mikono nililala chali kwenye mkeka nikasukuma madumu mawili ya lita 5. Ukiwa umelala sakafuni viwiko hugota chini, hivyo hakuna kinachoweza kukukandamiza. Kama ipo nyumba ambayo mama hufanya mazoezi peke yake, nashauri afanye hivyo na aliache bomba la kifuani kabisa. Na ikiwa unacho kitu kimoja tu kizito kisichoongezeka, usikate tamaa. Ongeza idadi kutoka tano mpaka nane, kisha kumi na mbili. Kisha shuka polepole ukihesabu hadi nne. Uzito ni uleule, lakini mapaja yatakuambia tofauti.

Yapo mambo ambayo hatuyasemi hadharani, nami nitayasema hapa kwa kuwa tuko wenyewe kwa wenyewe. Baada ya kuzaa mara kadhaa, wengi wetu mkojo huchuruzika tukikohoa, tukicheka au tukibeba kitu. Misuli ya chini inayozuia mkojo na kushikilia kizazi nayo ni misuli, inaweza kuimarishwa. Ikaze kana kwamba unazuia haja ndogo, hesabu mpaka tano, ilegeze, urudie mara kumi. Unaponyanyua, ikaze kwanza, kisha toa pumzi wakati wa kusimama. Mama anayehisi uzito au kitu kinashuka ukeni asianze na ndoo, aanze hospitali. Aliyejifungua karibuni asubiri majuma sita angalau na apimwe kwanza, na aliyepasuliwa asikilize daktari wake anasemaje. Mwenye shinikizo la damu naye apimwe, na asibane pumzi kwa nguvu wakati wa kuinua, maana kubana pumzi hupandisha presha ghafla. Nyumba yetu ilikuwa imekwisha jifunza presha inaweza kufanya nini.

Majirani walisema yao. Mmoja aliniuliza kisimani kama nataka kuwa baunsa wa ukumbi gani. Mwingine alinionya kwamba nitaota misuli kama mwanamume na mume wangu atanikimbia. Sisi wanawake homoni ile inayojenga miili mikubwa ya wanaume tunayo kidogo tu, na miaka hii yote bado magauni yangu ni yaleyale. Mume wangu mwenyewe alikaa kimya mwezi mzima wa kwanza. Kisha asubuhi moja nikamkuta uani, amekwisha kupima maji kwenye ndoo zote mbili, akaniuliza, "Mama watoto, leo si ni kilo 29?" Alikuwa amesoma daftari langu.

Chakula hakikubadilika sana, ila niliacha kuwaachia watoto mboga yote. Mama ana tabia ya kula ugali na mchuzi huku dagaa na maharage yakiishia kwenye sahani za wengine. Misuli hujengwa na vyakula hivyo hivyo, pamoja na mayai, maziwa na karanga. Nilijipimia changu kwanza, bila kuomba radhi.

Septemba mwaka uleule Mama aliteleza kutoka kitini akakaa sakafuni. Tulikuwa wawili tu, mimi na binti yangu mkubwa wa miaka kumi na sita. Zamani ningepiga kelele za kuita majirani. Nilimwacha kwanza pale alipo, nikamuuliza anaumia wapi, nikamwomba asogeze miguu, nikamgusa nyonga. Hakuwa ameumia, isipokuwa alikuwa na hasira. Binti akaleta kiti kigumu. Tukamgeuza upande wake mzima, tukamsaidia apige magoti, akaweka mkono wa kulia juu ya kiti. Nikachuchumaa nyuma yake, nikashika kitenge cha kiunoni, binti akashikilia upande wa pili. "Moja, mbili, tatu." Akasimama. Alikuwa mwepesi! Hapana, hakuwa mwepesi. Mzani wa kliniki ulionyesha kilo zilezile. Kwenye daftari langu juma lile paliandikwa 56.

Mwezi uliofuata niliinua 58, mara tano, seti tano. Sikumwambia mtu ila mume wangu, naye akaenda kununua nyama.

Niliendelea kusoma kila nilichokipata juu ya jambo hili, na kuna uchunguzi mmoja ambao nataka kila mama wa umri wangu aujue. Ulifanyika Queensland, Australia, na matokeo yake yakachapishwa katika mwaka 2018. Wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, wenye mifupa iliyoanza kupungua nguvu, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilinyanyua vyuma vizito hasa, seti tano za mara tano, nusu saa, mara mbili kwa juma, kwa miezi minane, wakisimamiwa na wataalamu. Kundi jingine lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. Mifupa ya kiuno ya wale wa vyuma iliongezeka kwa asilimia 2.9. Ya wale wengine ilipungua kwa asilimia 1.2. Hedhi inapokoma mifupa huanza kuliwa ndani kwa ndani, na bibi anayevunjika nyonga mara nyingi hatembei tena kama zamani. Nina mabinti wawili. Sipendi siku moja wapimwe mgongo kwa ajili yangu.

Lakini habari hii isingekuwa kamili bila Mama mwenyewe. Alikuwa akinitazama kutoka barazani kila alfajiri, amefunikwa shuka, na kuniuliza, "Mwanangu, hizo ndoo unazipeleka wapi?" Baadaye akaanza kunihesabia. Nikikosea hesabu ananirudisha. Siku moja alisema, "Na mimi nipe za kwangu."

Nilimpigia simu yule dada wa hospitali. Akasema mgonjwa wa kiharusi naye anahitaji kujengwa nguvu, na kifaa chake ni kiti. Kusimama na kukaa, basi. Kiti kirefu ni rahisi, kiti kifupi ni kigumu. Kwa hiyo tuliweka mito mitatu ya sofa juu ya kiti chake cha mbao, tukakisogeza ukutani kisiteleze, nikasimama mbele yake na kushika kitenge. Mwanzo alisimama mara mbili tu, uzito mwingi ukiwa kwangu. Majuma yakapita. Akafika mara tano. Akasema nisivute tena, niguse tu. Tuliondoa mto wa kwanza baada ya Krismasi ya mwaka 2022. Wa pili ulichukua muda mrefu zaidi, kwa sababu goti la kushoto lilikuwa likikataa, na kuna mwezi mzima tuliurudisha. Mguu ule haujapona na daktari hajatuahidi kwamba utapona. Ila chooni sasa anakwenda na fimbo, mimi nikiwa nyuma yake hatua moja, na zile safari kumi zimebaki mbili.

Ana daftari lake. Mjukuu humwandikia, kwa kalamu nyekundu kama ya mwalimu. Jana Ijumaa alisimama mara tano, seti tano, mkono wangu ukiwa umbali wa kidole kutoka kwenye kitenge. Akakaa, akavuta pumzi, akamwambia mtoto aandike kwamba Jumatatu mto wa tatu unatoka.